Rahisi ya Bei, Ngumu ya Kucheza

Mwaka 1988 nilikuwa na miaka 11, na posho yangu ilikuwa peni 50 kila Jumamosi. Tulikuwa tumehamia Leicester kutoka Mombasa miaka miwili kabla, baba akisomea uhandisi, mama akililalamikia jua la Uingereza linalowaka bila kuchoma. Kaseti ya gemu ya bei ya chini iliuzwa pauni 1.99. Hesabu yake haikuhitaji kalamu: Jumamosi nne, kaseti moja, na chenji ya peni moja niliyoidumbukiza kwenye kopo la Kimbo lililosafiri nasi kutoka nyumbani likiwa limejaa ukwaju.

Kaseti zenyewe zilining'inia kwenye stendi ya waya ya kuzungusha, ndani ya duka la magazeti karibu na Belgrave Road, katikati ya betri na kadi za pole. Mwenye duka alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kampala, mmoja wa maelfu waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, ambao wengi wao waliangukia Leicester. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha dukani, na alikipenda kuliko alivyokijua. Siku aliponisikia nikigombana na dada yangu mlangoni aliwaacha wateja kwenye foleni, akatufuata kutuuliza kwetu ni wapi. Tangu siku hiyo akawa anazihesabu Jumamosi zangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo Jumamosi ya ngapi?"

"Ya nne."

Akazungusha stendi mwenyewe. Niliyoitaka ilikuwa na picha ya kijana aliyegeuza kofia nyuma mbele, yuko hewani juu ya skeitibodi, miguu juu kichwa chini, nyuma yake minazi na machweo ya rangi ya embe. Mzee akaigeuza kaseti, akasoma maandishi ya nyuma taratibu, akanipa.

"Hii iko rahisi," akasema. "Lakini rahisi ya bei. Kucheza, si rahisi."

Alikuwa ananitania tu. Lakini leo ni kazi yangu ya jioni kuzihakiki gemu za namna ile, na bado sijapata sentensi inayozieleza vizuri kuliko hiyo. Kiswahili kimelibebesha neno moja mizigo miwili: kisichokula pesa, na kisichosumbua. Ukinunua nyanya, mizigo hiyo inakaa pamoja bila ugomvi. Ukinunua gemu ya skeitibodi ya pauni mbili, inapigana mpaka asubuhi.

Ni miaka tisa sasa naandika ukurasa mmoja katika kijarida cha wapenzi wa kompyuta za zamani: Commodore 64, ZX Spectrum, Amstrad CPC na ndugu zao. Tunakichapa wenyewe na kukibana pini wenyewe, juu ya meza ya jikoni ya mhariri. Nilipojiunga, wenzangu walikuwa wameshagawana gemu zote zenye heshima. Kilichobaki ni rafu ya chini, ya kaseti za pauni 1.99 na 2.99, na ndani ya rafu hiyo lundo zima la skeitibodi. Nililichukua kwa unyonge. Leo atakayejaribu kunipokonya tutakosana.

Kwa asiyeujua wakati ule, gemu ya bei kamili ilikuwa pauni nane, tisa, hata kumi. Kampuni ya Mastertronic, iliyoanzishwa mwaka 1983, iliuza zao kwa pauni 1.99, na ujanja wao haukuwa bei peke yake. Walizipeleka kaseti kwenye maduka ya magazeti na vituo vya petroli, mahali ambapo mtu aliingia kutafuta kiberiti akatoka na gemu. Mwaka 1986 wakaja Codemasters wa ndugu wawili, David na Richard Darling, huyo Richard akiwa hajatimiza hata miaka 20. Hao walikuwa na mapenzi ya ajabu na neno "simulator", yaani mashine ya kujifunzia kama ile ya marubani. Walikuwa na BMX Simulator, walikuwa na Grand Prix Simulator, na skeitibodi ilipovuma wakatoa Pro Skateboard Simulator, kana kwamba ukimaliza utapewa leseni. Silverbird nao walikuwa chini ya British Telecom. Naam, kampuni ya simu. Bili iliyomkunja uso baba na kaseti iliyonifurahisha mimi vilitoka nyumba moja.

Skeitibodi za rafu ya chini zilikuwa na wazee wa kuwaiga. Mwaka 1986 Atari Games walitoa 720°, mashine ya kuchezea gemu kwa sarafu, ambayo kijiti chake cha kuongozea kilizungushwa duara badala ya kusukumwa huku na huku. Muda ukikuishia mjini kabla hujafika kwenye bustani ya mashindano, maandishi yanatokea, "SKATE OR DIE", yaani teleza au ufe, na kundi la nyuki linaanza kukukimbiza. Mwaka uliofuata U.S. Gold wakaileta kwenye kompyuta za nyumbani, ambako kijiti cha kuzunguka hakikuwepo, ikabidi vidole vijitafutie njia. Mwaka huo huo wa 1987 Electronic Arts wakatoa gemu yenye jina lile lile la onyo la nyuki, muziki ukiwa wa Rob Hubbard, na gitaa lake lilitosha kukufanya uache kubonyeza chochote ukae usikilize. Na Epyx wakatoa California Games, ambamo mchezo wa kwanza ni skeitibodi kwenye bakuli la nusu bomba, chini ya herufi za Hollywood mlimani.

Hiyo ndiyo shughuli yenyewe. Rafu yangu ni ya waliokuja kunusa pilau: hiyo Pro Skateboard Simulator, Skateboard Joust ya Silverbird, Skatin' USA ya Atlantis, na wengine wa ukoo huo. Ubaya ni kwamba baadaye 720° yenyewe ilishuka bei, ikatolewa tena chini ya Kixx, nembo ya bei ya chini. Mwenye shughuli akatoka nje na sinia, akauza pilau pale pale penye wanusaji.

Uhakiki wangu wa mwaka wa kwanza sasa nauona haya. Niliandika kwa kejeli kuanzia mstari wa juu hadi wa chini. Kejeli ni rahisi, kwa maana zote mbili za mzee. Unapiga picha ya skrini, unamcheka jamaa anayeelea juu ya ubao kama amesimama kwenye ngazi ya umeme, unatoa asilimia 20, unakwenda kulala. Alama za asilimia tumezirithi kwa magazeti ya enzi zile, Crash na Zzap!64, yote mawili ya mji wa Ludlow, ambayo mimi na dada tulikuwa tukiyasoma dukani tumesimama mpaka mzee akohoe.

Kilichonibadilisha ni hesabu. Siku moja nilikuwa nikijiuliza kwa nini kampuni za gemu za bei ya chini ziliing'ang'ania skeitibodi kuliko, tuseme, ndondi au mpira wa kikapu. Mtindo wa wakati ule ulichangia, lakini nikaingia ndani ya gemu moja kwa programu ya kuchungulia kumbukumbu, nikaanza kuhesabu picha. Kwenye Commodore 64 kila kikaragosi kinachotembea huru kwenye skrini kina upana wa pikseli 24 na urefu wa 21, na kinakula baiti 63. Mtu anayetembea anahitaji picha nyingi: mguu wa kulia mbele, miguu imekutana, wa kushoto mbele. Chukua picha nane kwa kila upande, ni 16, na tayari umemaliza karibu baiti elfu moja kwa mtu mmoja tu anayekwenda dukani. Mtu aliye juu ya ubao hatembei. Amesimama. Kumpeleka kulia picha moja, kushoto moja, kuruka moja, kuanguka moja. Niliyemhesabu alikuwa na picha sita jumla.

Nilibaki nimeikodolea macho ile namba. Yule jamaa niliyekuwa nikimcheka kwa kusimama wima kama mgomba alikuwa amesimama hivyo kwa sababu kijana fulani mbele ya kompyuta yenye kilobaiti 64 alikuwa anatafuta mahali pa kupaweka mapipa, mbwa, bibi kizee mwenye mkoba na mtaa mzima wa kupita. Sikuwa nimeiona kazi hiyo. Hii ni tafsiri yangu, hakuna mtengenezaji aliyeniambia, lakini tangu hapo nikipata gemu ya rafu ya chini swali langu la kwanza ni kipande cha kumbukumbu kilichookolewa kwenye picha za mchezaji kilitumika wapi. Wengine walikitumia vizuri. Wengine hawakukitumia popote, na hao sijawaonea huruma.

Somo la pili lilinigharimu kifundo cha mkono. Mtoto wa dada yangu ana skeitibodi, na Pasaka moja nilijitia uhodari nikapanda kwenye njia ya gari nje ya nyumba yao. Niliingia nikiamini kwamba kazi iko kwenye kuruka. Gemu zote zinakuambia hivyo: kitufe ni kimoja, nacho ni cha kuruka. Kumbe kuruka ni elimu ya mbali huko, ya waliokwisha hitimu. Kazi ni kwenda. Unasukuma kwa mguu mmoja, unapandisha mguu, halafu hufanyi kitu, na kule kutofanya kitu ndiko kugumu. Ubao unakwenda wenyewe, na magurudumu yanakuletea habari za kila kokoto mpaka kwenye meno. Nilikwenda kama mita nne. Kisha nikajaribu kusimama, na hapo ndipo nilipojua kwamba ubao hauna habari na nia yako.

"Mjomba, usiangalie chini," mtoto akaniambia, wakati chini nimeshafika.

Nikiwa na bandeji nikarudi kwenye kaseti zangu na kipimo kipya, ninachokitumia mpaka leo kabla ya kingine chochote. Naichukua kasi, halafu naachia kijiti. Basi. Nakaa naangalia. Ikiwa jamaa anasimama papo hapo, gemu hiyo ni ya mtu anayetembea, ubao amechorewa miguuni kama ndara. Ikiwa anaendelea kuteleza, anapunguza kidogo kidogo, na akipanda mteremko anarudi nyuma, basi aliyeiandika aliwahi kuusimamia ubao au alimwangalia sana aliyeusimamia. Kuandika jambo hilo kwa kompyuta ya biti 8 si kazi ndogo. Skrini inajua pikseli nzima tu, haijui nusu. Ili ubao upunguze mwendo kwa ulaini lazima programu iwe na daftari lake la pembeni linalotunza vipande vya pikseli, na kila skrini inapochorwa upya iujumlishe mwendo humo kabla ya kusogeza chochote. Kijana wa pauni 1.99 aliyejitaabisha kuliweka daftari hilo anapata alama kumi kutoka kwangu kabla sijaangalia rangi.

Nikasema pia nitazicheza kwenye mashine ya kweli kila inapowezekana. Kaseti ina adabu yake. Unabonyeza, kompyuta inakwambia bonyeza pleya, skrini inapotea, halafu michirizi ya rangi inakimbia pembeni kama khanga zilizoanikwa kwenye upepo. Zikigoma kuingia, kuna tundu dogo juu ya rekoda. Unapitisha bisibisi nyembamba unageuza skrubu ya hedi, kile kichwa kinachosoma kaseti, robo ya robo mpaka sauti iwe kali. Dada yangu alikuwa na sikio la kazi hiyo kuliko mimi. Alikuwa akinisimamia juu ya bega na kusema, "Bado, bado, hapo, acha." Hakuwa akipenda gemu hasa. Alipenda muziki wake. Alikuwa akikaa kwenye kochi akijisuka, ananiambia nisibonyeze kitu, wimbo umalizike kwanza.

Lakini mashine ya kweli ina miaka yake, inaumwa. Yangu iliungua kisambaza umeme msimu mmoja wa baridi, na makala yalikuwa yanadaiwa. Nikatumia emuleta, programu inayoiga kompyuta ya zamani, kwenye kompyuta ya kazini. Gemu niliyopangiwa ilikuwa ile ile ya kofia na machweo ya embe, ya Jumamosi yangu ya nne. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nililomfanyia aliyeiandika linatosha.

Nilicheza usiku mmoja. Haichezeki. Mapipa yanakujia kama yamerushwa, ukiruka umechelewa, ukiinama umechelewa zaidi, saa inakimbia hadi inachekesha. Nikajiambia ndiyo hivyo, utoto hudanganya. Kitu ulichokipenda ukiwa na miaka 11 ukikirudia ukiwa na miaka 40 unakikuta kibovu. Nikaandika aya nzuri sana juu ya udanganyifu wa kumbukumbu. Nilijipongeza. Asilimia 28. Ikachapwa.

Miezi miwili baadaye dada alikuja kulala kwangu wikendi. Nilikuwa nimeifungua tena ili nipige picha fulani, yeye yuko jikoni akikaanga mahamri. Wimbo ukaanza. Akatoka na mwiko mkononi.

"Mbona wakimbia hivyo?"

"Nini?"

"Wimbo. Wakimbizwa na nani?"

Nikamwambia ni ule ule. Akasema si ule ule, ule alikuwa akisukia nywele na mkono wake ulikuwa ukienda nao. Kwa mwendo huu angejing'oa kichwa. Akauimba, polepole, akipiga mwiko kwenye fremu ya mlango. Alikuwa sahihi. Mwiko wake na spika yangu vilikuwa mbalimbali tangu pigo la tatu.

Nilifungua mipangilio huku sikio likinipata moto. Emuleta ile ilikuwa imekaa kwenye mfumo wa televisheni ya Marekani, picha 60 kwa sekunde. Uingereza televisheni zilikuwa picha 50. Gemu nyingi za Commodore 64, muziki wake na mwendo wake, huhesabu hatua kwa kufuata picha hizo. Kwa hiyo gemu ya Kiingereza ukiichezea kwenye mfumo wa Marekani kila kitu kinakwenda asilimia 20 mbele. Mapipa, saa, wimbo, nyuki kama wapo. Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa kosa la swichi yangu mwenyewe, tena nimelifanyia falsafa.

Jambo hilo nalijua tangu nina miaka 15. Ningeulizwa kwenye mtihani ningejibu kwa mchoro. Sikuliona kwa sababu gemu ilikuwa ya bei ya chini, na kichwani nilikuwa nimeshakubali kwamba ya bei ya chini ikiwa mbovu hakuna cha kuuliza. Ingekuwa Skate or Die inakimbia vile ningesimama dakika ya kwanza nikasema hapa pana hitilafu. Hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi kuliko kosa lenyewe.

Nikaicheza upya, kwa wiki tatu. Wiki tatu si kwa bahati. Ukitumia emuleta gemu zote ni bure, na cha bure hakipewi subira. Unafungua, unaanguka mara mbili, unafungua nyingine. Utotoni nilikuwa na kaseti moja na wiki nne mbele yangu kabla ya nyingine, na gemu za rafu ya chini ziliandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, asiye na pa kwenda. Ugumu wake ndio ulikuwa urefu wake. Mitaa mitano tu inaenea kwenye kaseti, basi wa tatu unaufanya ukatili ili mtoto asiumalize Jumapili. Ukimpa gemu hiyo dakika kumi umeionja chumvi ukaacha mchuzi. Sasa nina kanuni, na mhariri ananilaani kwa sababu yake: hakuna alama kabla ya wiki moja, na kwenye kichwa cha makala bei ya siku ile inaandikwa kwanza, hata kama leo kaseti hiyo hiyo wanaoikusanya wanaiuziana kwa fedha ambayo mzee wa Belgrave Road angeiita wazimu.

Alama mpya ilikuwa 61. Ubao unateleza, nilipima. Rangi ni chache na bibi kizee wa mkoba amerudiwa mara nyingi mno, na kutua baada ya kuruka kunasamehe watu wasiostahili. Lakini anayeachia kijiti anaendelea kwenda. Marekebisho tuliyachapa ukurasa wa pili, juu, si chini pembeni penye matangazo.

Usiku ule wa mahamri, nilipokwisha kugeuza mpangilio, wimbo ulianza upya kwa mwendo wake. Dada akafuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti, akasema leta. Alikuwa hajashika kijiti kwa zaidi ya miaka thelathini. Mtaa wa kwanza akapita. Wa pili akapita, ulimi nje. Mtaa wa tatu kuna pipa limesimama nyuma ya kona, ambalo halionekani mpaka uwe umeshaligonga. Akaligonga.

"Lile lile," akasema, akaanza tena.